Kupiga picha vichochoro vya Mji Mkongwe wa Bagamoyo: jua, lenzi na mahali pa kusimama

Anayeingia kichochoroni na kamera kwa mara ya kwanza huanza na lenzi. Huvisha ile pana kuliko zote alizonazo, husimama katikati ya njia, hubonyeza. Anachopata ni uwanja mkubwa wa mchanga chini, utepe mweupe wa mbingu juu, na kuta mbili nyeusi zinazoegemeana. Lenzi haina kosa hapo. Kichochoroni mwanga ni mchache na unahama, kwa hiyo swali la kwanza ni ukuta upi utapata jua na saa ngapi. La pili ni wewe usimame wapi ili ukuta huo uwe ndani ya picha na mbingu ibaki nje. Ukishajibu hayo mawili, lenzi karibu hujichagua yenyewe.

Bagamoyo ni darasa zuri la kazi hii kwa sababu mpangilio wake ni rahisi kushika. Si msokoto kama Mji Mkongwe wa Unguja. Mtaa wa India unakwenda takriban sambamba na ufuo, una upana wa kutosha, na nyumba za mawe zimepanga safu mbili, moja upande wa bahari na nyingine upande wa bara. Vichochoro vyenyewe ni ile mianya inayokatiza kati ya nyumba na kushuka pwani. Ni vifupi, na vingi huishia kwenye kipande cha bahari. Kuta ni za matumbawe na chokaa. Pale plasta ilipobanduka mawe yapo wazi, na nyumba ikiwa gofu unaona hata boriti za mikoko. Ukuta wa aina hiyo unataka mwanga wa pembeni. Ukipigwa jua la usoni huwa bapa kama karatasi.

Soma jua kabla ya kufungua mkoba

Ufuo wa Bagamoyo unatazama kaskazini-mashariki. Kutokana na hilo unaweza kupanga siku nzima. Asubuhi jua linatoka baharini, hivyo kwenye Mtaa wa India zinazowaka ni nyuso za nyumba za safu ya bara. Jioni mambo hugeuka, safu ya bahari ndiyo inayopata rangi ya dhahabu. Vichochoro vya kushuka pwani vimelala kwa mwelekeo wa mwanga wenyewe: asubuhi jua huingia kwa mdomo wa baharini, jioni huingia kwa mdomo wa bara.

Mwezi nao una neno. Katikati ya Juni jua huchomoza nyuzi 23 hivi kaskazini mwa mashariki halisi, na mwishoni mwa Desemba huchomoza nyuzi 23 hivi kusini mwake. Kwa hiyo Juni na Julai ndio msimu wa kupiga kichochoro dhidi ya jua, mwanga ukipita kwa urefu wake wote na vivuli vya wapita njia vikikujia miguuni. Desemba jua la asubuhi hukata kichochoro mshazari na kuangukia ukuta mmoja tu, na hilo linafaa zaidi kwa anayetaka kuonyesha mawe yenyewe. Jua huchomoza kati ya saa 11:57 alfajiri, mwanzoni mwa Novemba, na saa 12:37 asubuhi mwezi Julai. Ukifika nusu saa baadaye umeshapoteza mwanga laini.

Pima mwelekeo wa kila kichochoro kwa dira ya simu na uuandike kwenye daftari. Jitenge hatua kadhaa na mageti, nondo za madirisha na magari kabla ya kusoma dira, maana chuma huipotosha.

Saa ya mchana wengi huiogopa bila kuijua. Chukua kichochoro chenye upana wa mita 2 na kuta za mita 6. Ili miali ifike chini, jua lazima liwe ndani ya nyuzi 18 kutoka utosini, ukipima kwa upande wa kukatiza njia. Jua hutembea nyuzi 15 kwa saa. Maana yake ni kwamba kichochoro kama hicho, kikiwa kinaelekea kaskazini na kusini, hupata jua la chini kwa muda wa saa moja na robo kabla ya adhuhuri ya jua na saa moja na robo baada yake. Kikielekea pwani, kimshazari, muda huo hurefuka kiasi. Adhuhuri yenyewe si saa sita kamili. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45 na Bagamoyo iko karibu na 39, hivyo kwa wastani jua hufika juu saa 6:24 mchana. Februari huchelewa hadi 6:38, mwanzoni mwa Novemba huwahi 6:08. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba linapita utosini kabisa, na hapo kichochoro hupata mstari wa mwanga chini ambao huakisi juu kutoka kwenye mchanga mweupe. Uso wa mtu aliyekaa kivulini kando ya mstari huo hupata mwanga laini kutoka chini na ubavuni, mwanga ambao studio hukodi taa ili kuupata. Mtu yuleyule akikaa ndani ya mstari wenyewe, macho yatakuwa mashimo meusi.

Milango ya nakshi ina saa yake

Nakshi huonekana kwa vivuli vyake. Jua likiupiga mlango usoni, maua yote yaliyochongwa hupotea. Kinachotakiwa ni jua linalopita karibu sambamba na uso wa mlango, likiukwangua tu. Kwa ukuta unaotazama kaskazini-mashariki, jua huuacha uso huo yapata saa 5:10 asubuhi mwishoni mwa Desemba, na yapata saa 8:30 mchana mwezi Juni. Kazi ya nakshi ifanyike katika nusu saa inayotangulia. Ukuta ukiwa umepinda nyuzi chache tu, saa nayo huhama, kwa hiyo wahi na usubiri. Tena tazama juu: roshani au ukingo wa paa uliochomoza hutia kivuli kikali katikati ya mlango. Kama hali ni hiyo, achana na jua kabisa. Piga mlango ukiwa kivulini wote huku ukuta wa pili wa njia ukiwa unawaka. Ule ukuta unaowaka ndio taa yako, na kadiri ulivyo mpana ndivyo mwanga wake ulivyo mpole.

Simama ukilenga katikati ya mlango, lenzi ikiwa kwenye urefu wa katikati yake. Mfaa, ule mti wa katikati kati ya mbao mbili za mlango, ndio kipimo chako: ukiwa wima kabisa kwenye skrini na miimo miwili ikiwa sambamba nao, umesimama sawa. Miimo ikikutana kwa juu, umeinua kamera. Ikikutana kwa chini, umeinamisha.

Je, nafasi inatosha? Hesabu ni nyepesi. Kwa kamera ya fremu kamili, yenye sensa ya mm 36 kwa 24, upande mrefu wa picha ni umbali mara 36 gawanya kwa milimita za lenzi, na upande mfupi ni umbali mara 24 gawanya kwa milimita zilezile. Ukiwa na mgongo ukutani umbali wa mita 2 kutoka mlangoni, lenzi ya mm 24 ikishikwa wima inameza kimo cha mita 3 na upana wa mita 2. Mlango unaingia wote na kizingiti chake. Ya mm 35 inameza kimo cha mita 2 na kidogo, yaani unakata kizingiti cha juu, ambacho mara nyingi ndicho chenye nakshi nzuri kuliko zote. Ya mm 50 ni ya vipande: misumari ya shaba, komeo, ua moja. Kwa kamera za sensa ya APS-C, iliyo ndogo kuliko fremu kamili, gawanya milimita kwa 1.5, hivyo mm 16 hufanya kazi ya mm 24.

Lenzi ndefu ndiyo isiyotarajiwa

Ukitaka kichochoro kionekane chembamba, lenzi pana itakuangusha. Hutawanya kuta na kufanya njia ya mita 2 ionekane uwanja. Chukua mm 85 hadi 135, rudi nyuma hadi ng'ambo ya Mtaa wa India au mwanzo kabisa wa njia, upige kwa urefu wake. Kuta hukaribiana, baraza hupangana moja juu ya nyingine, na kipande cha bahari kule mwisho kinakuwa kikubwa na karibu. Mbingu inatoka yenyewe nje ya picha, na pamoja nayo linatoka tatizo la mwanga mkali wa juu. Kwa macho yetu, kama una nafasi ya lenzi mbili tu mkobani, beba mm 35 na mm 85, na ile ya mm 16 iache nyumbani.

Ukipiga hivi, mdomo wa baharini unategemea maji. Maji yakijaa unapata buluu safi inayokata kuta. Yakipwa unapata matope ya kijivu na ngalawa zilizolala ubavu. Zote ni picha, lakini si picha moja. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hujaa yapata saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa yapata saa nne. Kwa hiyo bamvua ya jioni inakupa maji na mwanga wa nyuma yako kwa pamoja, jambo ambalo asubuhi ya bamvua haitakupa. Tazama jedwali la maji kabla ya kuondoka nyumbani.

Lenzi pana ina kazi yake pia: kumweka mtu au kitu karibu sana mbele, nusu mita hadi mita moja, na kuacha njia ikimbilie nyuma. Jungu la kahawa juu ya baraza, gurudumu la baiskeli, kona ya ukuta iliyomenyeka. Bila kitu cha mbele, lenzi pana hupiga hewa tupu. Na usiweke mtu pembeni mwa picha ya lenzi pana, kichwa chake kitavutwa kama mpira.

Kuta zinazoanguka

Kuta huegemeana kwenye picha kwa sababu moja tu, kamera imeinuliwa. Washa mstari wa usawa kwenye skrini, shika kamera wima, iweke sawa, na ukubali kwamba nusu ya chini ya picha itakuwa ardhi. Halafu kata ile ardhi baadaye. Ukipoteza theluthi moja ya picha ya megapikseli 24, bado unabakiwa na 16, na hizo zinachapa karatasi ya A3 bila shida. Njia ya pili ni kupanda: ngazi ya kwanza ya baraza hukuongezea kimo cha sentimita 40 au 50, na ghorofa ya kwanza ya jengo lenye ruhusa ni bora zaidi, maana lenzi ikiwa katikati ya kimo cha ukuta huhitaji kuinua wala kuinamisha.

Ikibidi kuinua, acha nafasi pembeni. Programu kama Lightroom au Snapseed hunyoosha kuta, lakini hulipa kwa kula kona za picha, na kunyoosha sana hufanya nyumba ionekane imerefuliwa. Mtu akiwemo ndani, naye hurefuka. Na kama unataka kuinua kwa makusudi, inua kweli: lala chali katikati ya njia uelekeze lenzi juu. Mwinuko wa nyuzi 5 huonekana kasoro, wa nyuzi 70 huonekana uamuzi.

Kupima mwanga

Hapa ndipo picha nyingi hufia. Ukuta wa chokaa wenye jua kamili unataka takriban f/8 (upana wa tundu la lenzi), 1/400 ya sekunde, ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga). Kivuli cha wazi, chenye mbingu kubwa juu yake, kina mwanga pungufu kwa stopu 4, na kila stopu ni nusu ya ile iliyotangulia. Ndani ya kichochoro chembamba ongeza upungufu wa stopu moja au mbili nyingine. Anza na f/8, 1/100, ISO 800, kisha tazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini. Kati ya ukuta unaowaka na kona ya giza kuna stopu 5 au 6, na kipimo cha kamera kilichoachiwa picha nzima kitachukua wastani usiomfaa yeyote.

Amua kwanza kitu gani ndicho picha. Kama ni ukuta unaowaka, pima hapo kwa kipimo cha nukta, kinachosoma sehemu ndogo tu ya picha, na ongeza stopu moja, maana kamera hudhani kila kitu ni cha kijivu na chokaa nyeupe itaipaka majivu. Acha vivuli viwe vyeusi. Kama ni mlango wa giza au mtu mwenye ngozi nyeusi kivulini, pima usoni pake na ondoa takriban stopu moja, la sivyo kamera itamng'arisha hadi apoteze rangi yake. Halafu jipange ili ukuta wenye jua usiingie kwenye fremu. Hatua moja kushoto mara nyingi hufanya kazi ambayo saa nzima ya kompyuta haiwezi.

Piga kwa faili ya RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaisindika. Vivuli huinuliwa stopu 3 bila kuharibika sana kwenye sensa za sasa, ila chokaa iliyoungua hairudi kamwe. Washa onyo la kumetameta kwa sehemu zilizoungua, na punguza mwanga hadi ukuta uache kumeta. Kipande cha mbingu kikimeta, kiache.

Kuunganisha picha tatu, moja pungufu ya stopu 2, moja kawaida na moja zaidi ya stopu 2, kunafaa kwa njia tupu na kamera iliyotulia. Nguo zilizoanikwa na makuti yanayopepea upepo wa kusi vitatoka mizimu miwili mitatu. Na hata ikifaulu, usiinue vivuli hadi vilingane na jua. Kichochoro kisicho na giza hakina kina, na macho huligundua hilo hata kama mtazamaji hawezi kulieleza.

Rangi nayo (white balance kwenye kamera) ifungwe. Kivulini mwanga unatoka mbinguni na ni wa buluu, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 7000 hadi 8000. Ukiiachia kamera ijichagulie, itabadilika kila unapogeuka: ukuta wa njano upande huu, mlango wa buluu upande ule, na picha kumi za njia moja zitaonekana zimepigwa siku kumi. Weka alama ya kivuli, au kelvini 7000, na uiache hapo.

Fokasi na wapita njia

Kichochoroni mtu hutokea ghafla na kutoweka. Kamera inayotafuta fokasi gizani itakuwa bado inatafuta. Zima fokasi ya kujiendesha, weka mm 35 kwa f/8, na funga umbali wa mita 3. Kila kilicho kati ya mita 1.9 na mita 7.3 kitatoka kikali. Ukitaka hadi mwisho wa njia, funga mita 5, upate kuanzia mita 2.5 hadi upeo. Kwa mm 24 kwa f/8, mita 2.4 inatosha kukupa kuanzia mita 1.2 hadi upeo. Chagua alama ya ardhini, jiwe au kona ya baraza, na ubonyeze mtu anapofika hapo.

Kasi ya shata kwa anayetembea ni 1/250 ukitaka atulie kabisa. Ukitaka ukungu wa mwendo, tofautisha mwelekeo. Anayekatiza mbele yako kwa 1/15 atasogea karibu sentimita 9 picha ikipigwa, na huo ni ukungu wa kutosha. Anayekuja usoni mwako hachoreki upesi, anataka 1/4 au zaidi, na hapo mkono hautoshi.

Kufuata baiskeli kwa kamera ndani ya njia ya mita 2 hakuwezekani, kwa kuwa huna pembeni. Fanya hivi: ingia kichochoroni mita 3, geuka utazame Mtaa wa India, ufanye kuta mbili za giza kuwa fremu ya mwanga. Baiskeli ya kilomita 15 kwa saa hukatiza uwazi wa mita 2 kwa nusu sekunde. Kamera ya picha 5 kwa sekunde itakupa mbili, pengine tatu. Fokasi iwe imeshafungwa mita 4, shata 1/30 kama unamfuata kwa kugeuza kiuno, 1/500 kama unamgandisha. Sikiliza kengele ya baiskeli au muungurumo wa bodaboda, bonyeza kabla hajaonekana.

Kupunguza kasi bila kutikisika kunataka tegemeo, na tripodi kichochoroni ni kero kwa wenyeji. Miguu mitatu iliyotanuliwa huziba njia yote, na mama mwenye ndoo kichwani hapaswi kuipanda. Funga miguu pamoja uisimamishe kando ya ukuta, au tumia kimfuko chenye kilo moja ya mchele au maharage juu ya baraza. Kimfuko hukaa vizuri kwenye jiwe lisilo sawa, na kamera hukaa chini, mahali penye picha nzuri. Weka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise.

Asubuhi karibu na soko la samaki, pale samaki wanapokaangwa, moshi ukikutana na jua la chini hukuonyesha miali yenyewe. Simama ukitazama mwanga, nyuma ya moshi pawe na ukuta wa giza, na punguza stopu moja. Bila ukuta wa giza nyuma, moshi hauonekani.

Baada ya mvua ya masika, madimbwi. Shusha kamera hadi sentimita chache juu ya maji. Simu igeuze kichwa chini ili lenzi iwe karibu na maji, na fokasi uiweke kwenye taswira iliyo ndani ya dimbwi, si kwenye uso wa maji, maana umbali wa taswira ni ule wa nyumba yenyewe.

Jioni na usiku

Jua huzama kati ya saa 12:15 na 12:50 jioni, na kwetu giza haliulizi. Mwangaza wa baada ya jua kuzama hudumu dakika 22 hivi. Dakika ya 10 hadi ya 25 ndizo ambazo mbingu bado ina buluu na taa za milangoni zimeshawaka, na hizo mbili zikilingana picha hujaa. Panga fremu kabla ya jua kuzama, usihame. Anza na ISO 200, f/8, sekunde 1, kisha ongeza muda maradufu kila mbingu inapofifia, hadi sekunde 8 au 10. Weka kelvini 4000. Taa nyeupe za LED zitabaki nyeupe, balbu za njano zitabaki za njano, na mbingu itakuwa buluu. Taa ya nguzo ikiwa ndani ya fremu, jifiche nyuma ya kona ya ukuta ili balbu yenyewe isionekane, mwanga wake tu ndio uonekane ukutani.

Mwezi wa Ramadhani, wakati wa futari njia huwa tupu kabisa kwa nusu saa hivi, na baadaye baraza hujaa watu. Flashi usitumie. Hupiga ukuta wa karibu, huacha njia gizani, na hugeuza kila kichwa.

Hodi kwanza

Kichochoro ni uwanja wa nyumbani. Mlango ulio wazi si ruhusa ya kupiga ndani. Salimu: kwa mzee ni shikamoo, kwa wengine habari za hapa, kisha sema unachotaka, ukimwonyesha picha ya ukuta uliyokwisha kupiga. Akikataa, sema asante, upite. Kwa mtoto, mwombe mzazi. Wanawake waliokaa uani au wanaosuka nywele barazani wasipigwe bila ruhusa hata kama mwanga ni wa ajabu. Ijumaa mchana kaa mbali na mlango wa msikiti. Ukiahidi kutuma picha kwa WhatsApp, tuma siku hiyohiyo. Ahadi moja isiyotimizwa humfungia mlango mpiga picha anayekuja nyuma yako.

Majengo ya kihistoria, kama Caravanserai, kituo cha kale cha misafara, yana utaratibu wake. Uliza mapokezini kabla ya kufungua tripodi au kuleta wanamitindo. Polisi, askari na ofisi nyeti za serikali usizipige. Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kati ya kuta za mita 2 haina kazi.

Chumvi na unyevu

Kamera iliyotoka chumba chenye kiyoyozi ikitolewa ghafla nje hupata ukungu juu ya lenzi, wakati mwingine ndani. Iache mkobani, mkoba umefungwa, dakika 20 hadi 30 kabla ya jua kuchomoza. Usifute ukungu kwa fulana, maana chumvi iliyoko kwenye kioo itakikwaruza. Pulizia vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira, futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kwa kikavu.

Usibadilishe lenzi kwenye mdomo wa baharini wakati upepo unavuma. Rudi ndani ya njia, geuka upe upepo mgongo, elekeza kamera chini. Ukifika nyumbani futa mwili wa kamera na pete za lenzi kwa kitambaa chenye maji safi kidogo kisha kikavu, na hifadhi vyote kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya silika. Vifuko vya rangi vikibadilika rangi, vimeshiba unyevu, vikaushe kwa moto mdogo au ununue vingine. Lenzi iliyofungiwa mkobani wakati wote wa masika huota kuvu, utando mweupe kama buibui ndani ya vioo, na fundi akiutoa mara nyingi mipako ya kioo hutoka nayo.